Kabla ya Kuamua, Pigeni Magoti Pamoja



Miaka kadhaa iliyopita nilitamani kununua pikapu ya kubebea mazao sokoni. Pesa sikuwa nazo, ila nilikuwa na hati ya shamba tunaloishi. Nikasali novena, siku tisa kamili, ili benki inikubalie mkopo. Siku ya kumi nikamletea mke wangu karatasi atie sahihi, kwa maana Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inadai mwenzi akubali kwa maandishi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Akaitazama ile karatasi, akaniambia: "Baba Maria, Mungu umemweleza siku tisa. Mimi umenieleza leo."

Nilikasirika. Lakini usiku sikupata usingizi, kwa sababu alisema kweli. Sikuwa nimemwomba Mungu aniongoze. Nilikuwa nimempelekea uamuzi wangu aupigie muhuri. Juma lililofuata mimi nilisali mkopo upatikane, naye akasali ukataliwe. Nyumba moja, na kila mtu anamvuta Mungu upande wake!

Neno la Mungu latufundisha nini?

Katika Kitabu cha Tobiti, sura ya 8, Tobia na Sara walikuwa na sababu ya kuogopa usiku wa arusi yao: waume saba wa Sara walikwisha kufa. Tobia akamwambia mkewe ainuke, wakasali wote wawili. Naye Bwana wetu alikesha mlimani akisali kabla ya kuwachagua mitume kumi na wawili (Lk 6:12-13). Kule Getsemane alimweleza Baba waziwazi alilotamani, kisha akayatanguliza mapenzi ya Baba (Lk 22:42). Basi, si kosa kumwambia Mungu unalotaka. Kosa ni kufunga masikio ukishasema.

Mwalimu mwema wa jambo hili ni Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu kwa mzinga vitani Pamplona, Hispania. Akiwa kitandani aliona kwamba ndoto za sifa za dunia zilimfurahisha kwa muda, kisha zikamwacha mkavu. Bali mawazo ya kumfuata Kristo yalimwachia furaha iliyodumu. Mafundisho yake yanaweza kutusaidia sisi wenye ndoa hivi:

1. Acheni kwanza kung'ang'ania. Kila mmoja aombe neema ya kuwa tayari kupokea "ndiyo" au "hapana". Kama hamjawa tayari, ombeni hiyo neema kwanza.

2. Tafuteni ukweli wote. Sala haichukui nafasi ya hesabu. Andikeni faida na hasara za kila upande, karo, deni na afya zikiwamo.

3. Sikilizaneni. Mmoja aseme bila kukatizwa, kisha mwingine. Halafu nyamazeni kidogo mbele ya Mungu. Mara nyingi Mungu hutumia mdomo wa mwenzi wako.

4. Jiulizeni maswali mawili ya Ignasi. Angekuja mtu nisiyemjua na shida hii hii, ningemshauri nini? Na siku ya kufa kwangu, ningependa niwe nimeamua nini?

5. Msiamue mkiwa na hasira au giza moyoni. Tena, uamuzi mliofanya kwa amani msiugeuze siku mnapovunjika moyo. Subirini mwanga urudi.

6. Mkishaamua, mtoleeni Mungu uamuzi huo katika Misa Takatifu, mkaangalie kama amani inadumu kwenu nyote wawili. Amani ya mmoja peke yake haitoshi.

Na mkizidi kutofautiana? Kama jambo linaweza kungoja, lingoje. Waendeeni wasimamizi wa ndoa yenu au Baba Paroko. Lakini kumbukeni: dhambi haihitaji kupambanuliwa. Hakuna haja ya kusali novena ili kujua kama utoe hongo au uibe.

Sisi tulipoketi na kalamu, tuliona kwamba mwezi mmoja tu wa pikapu kulala gereji ungetufanya tushindwe kulipa benki, na watoto wawili walikuwa sekondari. Nilipojiona mbele ya kifo changu, niliona shamba na watoto, pikapu sikuiona. Tukaamua kutoweka hati rehani. Siwafichi, nilisononeka, na hadi leo naendelea kukodi gari la watu. Jirani yangu angeweza kusali vivyo hivyo na kuongozwa achukue mkopo, kwa kuwa nyumba hazifanani. Ila tangu siku ile hakuna karatasi inayoingia nyumbani kwetu kabla hatujapiga magoti sote wawili. Sheria yaweza kudai sahihi ya mke wako. Sakramenti yadai moyo wako uwe wazi kwake.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

- Ni uamuzi gani unaotukabili sasa ambao kila mmoja anausalia peke yake?
- Je, kuna jambo nililomweleza Mungu ambalo sijamweleza mwenzangu?
- Tutatenga jioni gani juma hili ili tusali na kusikilizana?

Mungu azibariki familia zenu.