Maji Yanayogeuza Rangi: Hatua ya Buluu Katika Maabara ya Tishu

Seli nyingi za mwili hazina rangi. Kwa hiyo kipande chembamba cha tishu, hata kikikuzwa mara 400 kwa hadubini, huonyesha machache mpaka kitiwe rangi. Viini vya seli hutiwa rangi hasa kwa hematoksilini, itokayo katika mbao za mti wa Haematoxylum campechianum, wenye asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Katika makala haya tutaeleza kwa nini kazi hiyo haikamiliki bila maji yenye alkali.

Hematoksilini yenyewe haishiki vizuri. Kwanza huoksidishwa ikawa hemateini, kisha huungana na alumini iliyomo katika shabu. Muungano huo una chaji chanya, nao hunatana na DNA ya kiini, yenye chaji hasi. Lakini myeyusho wa rangi hiyo una asidi. Hivyo viini hutoka humo vikiwa vyekundu-zambarau, na rangi yao huweza kuyeyuka tena. Slaidi ikiingizwa katika maji yenye alkali kidogo, rangi hugeuka buluu na haiyeyuki kwa urahisi. Baada ya hapo eosini hutia waridi sehemu nyingine za seli.

Hatua hii si ya urembo. Daktari wa patholojia huitambua saratani kwa kuchunguza, pamoja na mengine, ukubwa, umbo na mpangilio wa viini. Viini vikibaki vyekundu, havitofautiani vema na waridi inayovizunguka. Na kipande kidogo cha tishu ya mgonjwa aliyetoka mbali hakipatikani tena kwa wepesi.

Je, maji yote yanafaa? La. Katika kipimo cha pH, 7 ni katikati. Maji ya mvua huyeyusha kaboni dioksidi ya hewani na kufikia pH ya 5.6 hivi. Kinyume chake, Ziwa Tanganyika, lililo magharibi ya Mkoa wa Katavi, lina maji ya juu yenye pH karibu 9. Basi ndoo iliyokinga mvua mjini Mpanda na ndoo iliyotekwa ziwani Karema zaweza kutoa slaidi mbili zisizofanana.

Hata hivyo, maji ya ziwa yana viumbe vidogo na uchafu; na maji ya bomba yenye klorini nyingi huweza kufifisha rangi. Njia ya uhakika ni myeyusho wa sodiamu baikaboneti gramu 3.5 na magnesi salfeti gramu 20 katika lita 1 ya maji. Slaidi hukaa humo dakika 1 au 2, kisha husuuzwa. Alkali kali mno, kama amonia nyingi, huweza kubandua tishu kwenye kioo.

Jaribio la darasani

Chemsha maua makavu ya rosela. Tia matone machache katika glasi tatu: ya maji ya ndimu, ya maji ya mvua, na ya maji yenye magadi kidogo. Linganisha rangi. Rosela si hematoksilini, lakini nayo hufuata asidi na alkali.

Maswali

1. Kwa nini slaidi iliyooshwa kwa maji ya mvua hubaki na wekundu?
2. Pima pH ya maji ya shule yako. Je, yangefaa kwa hatua ya buluu? Toa sababu.