Ukuta Mnene na Laivu Inayoganda: Kabla Hujanunua Ruta Kubwa, Soma Hapa

Leo naongea na wale mnaouzia nyumbani, simu kwenye stendi, taa ya duara mbele, mzigo umepangwa kitandani, halafu waifai inawaangusha kila mkifika kwenye bei.

Mimi nauza mabaibui na mitandio. Nafanyia Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba ya ukoo. Chumba changu cha laivu kiko ghorofa ya pili, ruta ilikuwa chini sebuleni. Usiku mmoja kabla ya Idi nilikuwa na watu wengi kuliko siku zote, nimeshika baibui mkononi natangaza, picha ikaganda. Niliporudi hewani walikuwa wamebaki wachache, na mteja mmoja akaniandikia faragha: "Dada, lile jeusi nimeliomba mara tatu hukunijibu, nimechukua kwa mwengine." Sikukosa kumjibu kwa dharau. Sikumwona.

Kesho yake nikaenda dukani na hasira zangu. Nikasema nataka ruta yenye nguvu. Muuzaji akanipa moja ina antena sita, imekaa kama buibui aliyelala chali. Nikailipia, nikaichomeka palepale ilipokuwa ile ya zamani. Chini ilikuwa moto. Juu chumbani, ile ile. Faida ya mabaibui kadhaa ilikwenda pale, ndiyo maana naandika somo hili.

Sasa sikia. Nyumba zetu hizi, na za Mji wa Kale Mombasa na Lamu ni hivyo hivyo, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi. Tena vyumba ni vyembamba, kwa sababu dari zinabebwa na boriti za mikoko na boriti zina urefu wake, haziendi mbali. Kwa hiyo ukitembea hatua chache tu unakutana na ukuta mwingine. Mawimbi ya waifai yakipita ukuta mmoja wa namna hii yanatoka yamechoka. Yakipita wa pili, yanayobaki ni jina la mtandao tu kwenye simu. Na ukuta ukinyonya maji wakati wa masika, hali inazidi kuwa mbaya, maana maji nayo yanakula mawimbi.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia dukani. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta inasema, simu inajibu. Ruta imechomekwa ukutani, ina antena za kutosha. Simu yako ina antena ndogo ndani ya kava na inabana betri. Ukinunua ruta yenye sauti kubwa, simu itaisikia vizuri, lakini je, ruta itaisikia simu? Sasa fikiria unapofanya laivu ni nani anayeongea zaidi. Ni simu yako! Wewe hutazami video, unapeleka video. Mtu anayeangalia filamu chumbani kwake anaweza asione tatizo, wewe muuzaji ukaumia kwenye chumba hicho hicho. Ndiyo maana unaona vijistari vya waifai vimejaa na laivu bado inaganda. Vijistari vinakuonyesha simu inachosikia tu.

Halafu hata hiyo sauti kubwa yenyewe ina mpaka. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha nguvu ambayo ruta ya nyumbani inaruhusiwa kurusha. Antena nyingi zinasaidia kuhudumia vifaa vingi na kupokea vizuri zaidi, sikatai, lakini hazigeuzi nusu mita ya jiwe kuwa pazia.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Simama karibu na ruta yako ya sasa, mita moja au mbili, fungua programu ya kupima kasi, uangalie namba ya kupakia, siyo ile kubwa ya kupakua ambayo kila mtu anaishangilia. Kisha panda kwenye chumba cha laivu upime tena. Ikiwa karibu na ruta kasi ya kupakia ni mbovu vilevile, ukuta hauna kosa. Tatizo liko kwenye kifurushi chako au kwa anayekuletea intaneti, na ruta mpya haitakusaidia kitu. Ikiwa chini ni nzuri na juu imekufa, hapo ndipo kuta zinahusika. Laivu ya kawaida ya simu haihitaji makubwa. Ukipata Mbps 4 au 5 za kupakia zilizotulia unafanya kazi vizuri. Neno ni kutulia. Mbps 30 zinazopanda na kushuka ni balaa kuliko 5 zilizokaa.

Ukifika dukani, utakutana na maandishi kama AC1200 kwenye boksi. Usitishike. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha: 300 ya bendi ya 2.4 GHz na 867 ya bendi ya 5 GHz, wakakadiria ikawa 1200. Simu yako kwa kawaida inatumia bendi moja kwa wakati mmoja, na namba zenyewe ni za maabara, siyo za nyumba ya bibi. Cha kujua ni hiki: 5 GHz ina kasi lakini ukuta unaikamata haraka. 2.4 GHz ni ya polepole kidogo na inapenya zaidi. Nyumba ya kuta nene unataka ruta yenye bendi zote mbili, na inayokuruhusu kuzipa majina tofauti, ili wewe ndiye uamue simu ikamate ipi. Ukiwa chumba kimoja na ruta tumia 5. Ukiwa na ukuta katikati tumia 2.4. Na kwenye 2.4 majirani wamejaa, vichochoro vyetu mnavijua, mtu akipiga chafya mnaitikia nyumba tatu. Ingia kwenye mipangilio uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache. Hizo tatu ndizo zisizoingiliana.

Mahali pa kuiweka ndipo penye faida kubwa, na ni bure. Nyumba nyingi za kale zina uwazi katikati na madirisha ya ndani yanayoutazama. Huo uwazi ni njia. Ruta ikikaa ghorofa ya kati, karibu na dirisha linalotazama uwazi, mawimbi yanashuka na kupanda bila kutoboa jiwe. Ngazi nazo ni njia. Mlango wa mbao ni mwepesi kuliko ukuta hata kama ni mzito wa kuchonga. Usiiweke chini sakafuni, wala nyuma ya televisheni, wala ndani ya kabati la vyombo ati isionekane. Na jamani, kioo! Tuna vioo vikubwa vya kujaribia nguo. Nyuma ya kioo kuna utando wa madini unaorudisha mawimbi. Mimi kioo changu kilikuwa kimesimama sawasawa kati ya simu na mlango. Nilikisogeza pembeni na hali ikabadilika kidogo siku ileile.

Kidogo, lakini haikutosha. Kilichonitoa ni waya.

Fundi mmoja wa mtaani alinishauri nirudishe akili: usishindane na ukuta, upitishe intaneti pembeni yake. Tukavuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta ya chini, ukapita kwenye kona ya ngazi hadi chumbani juu, na juu tukafunga ile ruta yangu ya zamani niliyotaka kuigawa. Sasa simu yangu inaongea na ruta iliyo hatua tatu kutoka kwangu, na ukuta haupo kwenye mazungumzo. Ile yenye antena sita ikabaki chini ya watoto na katuni zao. Ningejua, nisingeinunua kabisa.

Ukitaka kufanya hivi, ruta ya pili iwe na hali ya AP kwenye mipangilio. Kama haina, zima DHCP yake, ipe anwani isiyofanana na ya ile ya kwanza, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN, siyo lile la WAN. Ipe jina na nywila sawa na ya chini ukitaka simu ihame yenyewe, ila chaneli iwe tofauti. Simu nyingine zina ukaidi, zinang'ang'ania ruta ya mbali hata ukiwa umekaa juu ya ile ya karibu. Mimi ya kwangu nimeipa jina lake la peke yake, nikaachana na mabishano. Waya nunua wa Cat 5e au Cat 6 wa shaba tupu. Kuna wa bei chee ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba, unakatika ovyo ukiukunja kwenye kona. Waya mzuri unafika mita 100 bila kulalamika, nyumba yako haifiki huko.

Kutoboa? Uliza kwanza mwenye nyumba. Kwa sisi wa Mji Mkongwe, ambao uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, ukuta wa nje haugusi mtu bila ruhusa ya mamlaka. Ndani, mara nyingi huhitaji hata drili, nafasi juu ya mlango inatosha.

Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi vya kuongeza waifai, mimi sivipendi. Vingi vinapokea na kurusha kwa bendi ileile, kwa hiyo kasi inagawanyika karibu nusu, na ukikiweka ndani ya chumba ambacho waifai imekufa kitarudia kifo hichohicho. Kama huna njia nyingine kiweke nusu ya safari, kwenye ngazi, pale ambapo waifai bado ni nzuri. Seti za meshi ni bora zaidi, lakini nazo zikiongea bila waya zinahitaji kuonana, siyo kutazamana kupitia jiwe. Anayekuuzia muulize kama vituo vyake vina tundu la waya.

Unayetumia ruta ya laini ya simu, wewe una kuta mbili za kuwaza: ya kutoka mnarani na ya kufika chumbani. Iweke dirishani upande wenye mtandao mzuri, hata kama ni mbali na wewe, kisha malizia kwa waya.

La mwisho ni umeme. Ruta mbili maana yake umeme ukikatika zote mbili zinazima. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12, na kuna betri ndogo za akiba zinazotoa volti hizo. Soma nyuma ya adapta yako volti na ampea kabla hujanunua, na kama una kisanduku cha faiba ukutani kihesabu nacho, maana kikizima hicho, ruta zako zitawaka taa bure na laivu haipo.