Upweke na Akili za Wazee Wetu

Mzee akianza kusahau majina ya wajukuu zake, wengi husema, "Ni uzee tu." Wengine, kwa ubaya zaidi, humnong'oneza kuwa ni mchawi. Wote wakosea. Kusahau kunakozidi hata kuvuruga maisha ya kila siku ni ugonjwa wa ubongo, wala si sharti la uzee. Tena tabia ya mtu na mapenzi ya jamaa zake vina uhusiano nao.

Mwaka 1994 wataalamu wa Rush, mjini Chicago, Marekani, walianza kuwafuata masista, mapadre na mabradha wazee, wakiwapima akili kila mwaka. Watawa hao walikubali pia kwamba wakiisha kufa ubongo wao uchunguzwe. Mwaka 2007 Robert Wilson na wenzake walitangaza habari za watawa 997. Wale wenye bidii, utaratibu na kujitawala walipatwa na ugonjwa wa Alzheimer kwa uchache sana kuliko waliopungukiwa na tabia hizo. La ajabu ni kwamba alama za ugonjwa ndani ya ubongo wao hazikuwa chache kuliko za wenzao. Yaonekana akili yao ilistahimili zaidi.

Mwaka huohuo walitoa habari za wazee wengine 823 wa Chicago na kandokando yake. Waliojiona wapweke walikuwa na hatari mara mbili ya wasio wapweke. Tuangalie neno "kujiona": mtu aweza kukaa katika nyumba iliyojaa watu, naye akawa mpweke.

Hatusemi kwamba tabia njema na udugu ni kinga kamili. Watu wema waliopendwa sana nao huugua, wala haifai kumlaumu mgonjwa au jamaa zake. Walakini yatupasa kutenda tuwezalo.

Mama aliyeletwa mjini kutoka kijijini, akalishwa vizuri na kuachwa peke yake na redio tangu asubuhi hata jioni, hajatunzwa bado. Apewe kazi aiwezayo: kuchagua mchele, kuwasimulia wajukuu habari za ukoo, kutoa shauri. Asikilizwe hata akirudia hadithi ileile. Na akizidi kusahau, apelekwe hospitali, si kwa mpiga ramli. Heshima kwa wazazi haitimizwi kwa sahani ya chakula tu. Yataka mtu wa kuketi karibu nao.