Kidole cha Mara ya Pili: Kuilinda Namba ya NIDA Isitumiwe na Mtu Mwingine

Mkazi anakwenda gulioni kusajili laini ya simu. Chini ya mwavuli ameketi kijana mwenye kifaa kidogo cha kusoma alama za vidole. Mkazi anataja namba yake ya NIDA, anaweka kidole, na kijana anatikisa kichwa: "Haijasoma, mama. Weka tena." Mama anaweka tena, analipa, anaondoka na laini moja. Katika kumbukumbu za mtandao, hata hivyo, zimeandikwa laini mbili kwa jina lake. Ya pili imebaki kwa kijana, tayari kuuzwa kwa mtu asiyependa kujulikana.

Huo ni mfano tu, lakini unaonyesha namna utambulisho wa mtu unavyoweza kuibwa huku kadi yake ikiwa salama mkobani. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza nchini Mei 2019, namba ya NIDA peke yake haitoshi kusajili laini. Ni lazima mwenye namba aweke kidole. Kinga hiyo ni kubwa, ila imeihamisha hatari. Mhalifu hahitaji tena kuiba kadi. Zinamtosha sekunde chache za kidole cha mwenyewe. Baadaye, laini ikitumika kuwaandikia watu "ile hela itume kwenye namba hii", jina linaloonekana kwanza katika uchunguzi ni la yule mama wa gulioni.

Si kila "weka tena" ni wizi. Vidole vya mkulima, fundi ujenzi au mzee huwa vimesuguliwa na kazi hata mistari yake ikafifia, na wakala mwaminifu naye hulazimika kurudia. Kwa hiyo mkazi asikimbilie kugombana. Aombe kuona kioo cha kifaa kimeandika nini kabla ya kuweka kidole tena, kisha afanye uhakiki kabla ya kuondoka mahali hapo.

Uhakiki ni rahisi na hauhitaji simu janja. Mwananchi abonyeze *106# na kufuata maelekezo yanayotokea, na ataweza kuona namba zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Akikuta asiyoitambua, asiipigie kumuuliza aliyenayo, maana atakuwa amemwonya. Aende na kitambulisho chake katika duka la huduma kwa wateja la mtandao husika, aeleze kuwa laini hiyo si yake, na aombe iondolewe katika jina lake. Aliye mbali na duka anaweza kuanza kwa kupiga 100, namba ya huduma kwa wateja. Ni vema uhakiki huo urudiwe kila baada ya miezi michache, na hasa baada ya kusajili au kurudisha laini iliyopotea.

Hatari nyingine haitoki kwa mgeni, na hapo ndipo wengi hushindwa kusema hapana. Kijana hana namba ya NIDA, anahitaji laini, anamwomba shangazi yake amsajilie. Shangazi anakubali kwa sababu ya undugu. Kijana anahama, laini inauzwa au inaazimwa, na shangazi hajui tena iko mikononi mwa nani. Ikitumika vibaya, wa kwanza kuulizwa ni shangazi. Msaada ulio salama ni kumsindikiza kijana aliyetimiza miaka 18 akaombe namba yake mwenyewe. Safari hiyo huanzia katika ofisi ya kijiji au mtaa, ambako fomu ya maombi hupitishwa, kabla ya kufika ofisi ya NIDA ya wilaya.

Namba yenyewe nayo inasema mengi kuliko wengi wanavyodhani. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, kisha siku. Mtu aliyeufanya mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya kutolea fedha katika simu amekuwa akiigawa siri hiyo kwa kila nakala ya kitambulisho aliyoiacha kwa mtu. Namba ya siri ya namna hiyo ibadilishwe leo.

Nakala zinazotolewa ziandikwe juu yake, kwa kalamu ya wino, kazi iliyokusudiwa na tarehe, bila kuficha maandishi ya kitambulisho. Nakala zilizoharibika katika mashine zisiachwe kwa mwenye duka. Makatibu wa vikundi vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri nao wanahusika: orodha ya wanachama yenye namba za NIDA ni ya kukabidhiwa ofisini, si ya kurushwa katika kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa zilipokusanywa.

Ujumbe wa kitapeli ukiingia, mwananchi autume kwenda 15040 pamoja na namba iliyouleta. Aliyegundua kuwa laini isiyo yake imekwisha kutumika kufanya uhalifu asiishie dukani kwa mtandao. Afike kituo cha polisi kilicho karibu, atoe maelezo na kuondoka na namba ya RB. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na kitambulisho, kwa kuwa tarehe iliyoandikwa humo ndiyo itakayoonyesha kuwa mwenye jina alitoa taarifa kabla hajaitwa kuulizwa.