Kompyuta Ndogo ya Mezani: Yafaa Kujaribiwa Kabla ya Kununua Nyingine

Katika saiba nyingi za Eastleigh, na nyuma ya kaunta za maduka, utakuta kompyuta ndogo ya mezani yenye ukubwa wa kitabu kinene. Nyingi zilitumika kwanza katika ofisi za ng'ambo: ThinkCentre Tiny ya Lenovo, OptiPlex Micro ya Dell, EliteDesk Mini ya HP. Ni mashine ngumu. Mara nyingi mwenyewe huambiwa imekufa ilhali inahitaji bisibisi na saa moja tu ya kazi.

Hitilafu inayochanganya watu zaidi ndiyo rahisi zaidi. Kompyuta inawaka vizuri lakini eCitizen au iTax inakataa kufunguka, na kivinjari kinadai muunganisho si salama. Lawama huangukia kampuni ya intaneti. Itazamwe kwanza tarehe iliyo pembeni mwa skrini. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ya mviringo ya CR2032 kwenye bodi kuu imeisha. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta iliyo nyuma ya wakati hukiona hakijaanza kutumika. Betri hiyo ya volti 3 ni ya bei ndogo. Kasoro hii ikitokea Juni 30, siku ya mwisho ya ritani za KRA, saiba hupoteza wateja, na mteja asiyewahi huweza kutozwa adhabu isiyopungua Sh2,000.

Kabla ya kufungua kifuniko, faili zinakiliwe kwingine, adapta ichomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwasha kibonyezwe sekunde chache ili stima iliyobaki iishe. Fundi aguse chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi.

Mashine inayojizima yenyewe baada ya dakika chache kwa kawaida imezidiwa na joto. Vumbi hujaa katikati ya feni na mapezi ya chuma. Lisafishwe kwa brashi laini, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Krimu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ifutwe na kupakwa mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kuipaka kama siagi kwenye mkate hakusaidii chochote.

Pesa zikitosha kitu kimoja tu, kiwe SSD. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka ikibadilishiwa SSD huonekana kama mashine nyingine, hata RAM ikibaki ileile. Nyingi hupokea SSD ya inchi 2.5. Zenye nafasi ya M.2 zinahitaji uangalifu, kwani kuna M.2 ya SATA na ya NVMe, na si kila nafasi hukubali zote mbili.

RAM ya mashine hizi ni ile fupi ya laptopu. Zenye Intel ya kizazi cha 4 kwa kawaida hutumia DDR3L yenye pini 204, na za karibuni zaidi DDR4 yenye pini 260. Pengo la katikati haliko mahali pamoja, kwa hiyo ikikataa kuingia isilazimishwe. Mnunuzi aende dukani na kipande cha zamani mkononi. Adapta nayo ilingane volti na ile ya awali, na wati zake zisipungue.

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Windows 11 hudai TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa jumla kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji akidai mashine ya kizazi cha 4 "inakubali Windows 11", ameipitisha dirishani. Kwa kazi za mtandaoni na kuandika barua, Linux Mint huiendesha mashine hiyo vizuri bila malipo ya leseni.

Diski iliyotolewa isiuzwe hivihivi. Ya saiba hubeba nakala za vitambulisho, pasipoti na PIN za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwajibisha anayezihifadhi. Kufomati kwa haraka hakufuti data, kwa hiyo diski nzima iandikwe upya kwa programu ya kufutia, au itobolewe kwa drili. Bodi na adapta zilizoharibika zisitupwe jaani. Kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi hushughulikia taka za kielektroniki.