Adabu Baada ya Filimbi ya Mwisho

Mwaka 2018 timu ya Njombe Mji ilishuka daraja kutoka Ligi Kuu baada ya msimu mmoja tu. Machungu ya namna hiyo ndiyo yampimayo mwanamichezo. Aliyeshindwa yampasa kumpa mkono mshindi, kisha wote wamshukuru mwamuzi, hata yule waliyemnung'unikia. Mshindi naye asishangilie usoni pa mwenziwe. Katika pickleball, mchezo ulioanzia Marekani mwaka 1965, wachezaji husogea wavuni wakagusanisha vibao vyao. Ni desturi nyepesi, lakini kuikwepa ni aibu. Washabiki wa Njombe na Makambako, aghalabu, hurejea makwao kwa basi moja. Kejeli za uwanjani zisipandishwe humo.