SOMO LA WIKI: Karatasi ya Wageni wa Mkutano ni Oda ya Mapema

Safu hii imezoea kuzungumzia bei za mazao, hisa na fedha za kigeni. Wiki hii tunamwomba msomaji aangalie karatasi ambayo wafanyabiashara wengi hawaijali. Ni maelezo ya safari ambayo waandaaji wa mkutano wa kitaaluma huwapelekea wajumbe wao: watafikia wapi, watapanda gari gani, wabebe nguo gani, wabadili fedha wapi. Kwa mjumbe huo ni mwongozo. Kwa mwenye teksi, duka au nyumba ya wageni ni oda iliyoandikwa miezi kadhaa kabla ya mnunuzi kufika.

Tuchukue mji wa Arusha. Jengo la AICC, lenye sehemu tatu za Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, lilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 likageuzwa kituo cha mikutano. Baadaye, hadi mwisho wa mwaka 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilifanyia kazi humo, na wenye nyumba wakapata wapangaji wa miaka mingi. Mjumbe wa mkutano wa chuo kikuu ni mteja wa namna nyingine. Anakaa siku chache, na mara nyingi fedha anazotumia si zake: ataidai taasisi yake akirudi nyumbani.

Hapo ndipo penye faida. Mhadhiri asiye na risiti hujilipia mwenyewe. Dereva anayetoza nusu ya bei ya gari la hoteli lakini hana cha kuandika atamkosa mteja huyu, na hatajua kwa nini. Mashine za risiti za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na wapo wanaoziona kama mzigo wa kodi tu. Kwa biashara ya mikutano, risiti ni sehemu ya bidhaa.

Sasa tusome karatasi yenyewe. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uko kiasi cha kilometa 50 kutoka mjini, kwa hiyo mgeni anayetua usiku hulazimika kupanga gari mapema, na atapanga na yule ambaye jina lake limo kwenye karatasi. Tahadhari moja ya saa: mgeni akiandika saa 8 asubuhi ana maana ya saa mbili yetu. Andika saa zote mbili kwenye makubaliano. Kuhusu nguo, Arusha iko juu, yapata meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai kuna baridi. Wageni wengi huja na mashati mepesi wakiamini Afrika yote ni joto. Wauza mitumba wa sweta wanajua maana yake.

Kwenye fedha mambo yamebadilika. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja, kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Karatasi ya zamani inayomwambia mjumbe alipe kwa dola inamwingiza mwenyeji wake matatani. Mgeni abadili benki au katika duka lenye leseni, nawe utaje shilingi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, chumba ni shilingi 100,000. Dola ikiwa shilingi 2,500, mgeni anatoa dola 40; ikipanda hadi 2,700, anatoa dola 37. Kama gharama zako ni mboga, mishahara na umeme, hujapoteza kitu. Kama unaagiza vitu kutoka nje, weka muda wa mwisho wa bei uliyotaja.

Hatari kubwa zaidi haimo kwenye karatasi hiyo. Chakula cha mchana na chai hununuliwa na taasisi, wala si mjumbe mmoja mmoja, na taasisi hulipa kwa hati ya kuagiza, pengine wiki nyingi baada ya wageni kuondoka. Mama lishe aliyepata zabuni ya kulisha watu 200 kwa siku nne kwa shilingi 15,000 kila mmoja ana hati ya shilingi milioni 12. Ikiwa mchele, nyama, mkaa na vibarua vinamgharimu milioni 9, faida yake ni milioni 3 kwenye makaratasi, lakini milioni 9 zimeshatoka mfukoni. Akizikopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi na malipo yakachelewa miezi mitatu, riba itakula milioni 2.7. Kwa hiyo adai malipo ya awali yanayotosha angalau kununua chakula, na yaandikwe ndani ya hati kabla ya gunia la kwanza la mchele kushushwa.